Mwalimu Aliyetufundisha Kufunga Maneno

Ijumaa hii, tarehe 29 Novemba, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukaa kiti cha pembeni ya dereva na mguu mmoja juu ya breki ya mwalimu, mkongwe wa chuo chetu cha udereva anastaafu rasmi. Wanafunzi wanamwita Mwalimu. Mumewe, seremala, anamwita Mama Watoto. Sisi tunaofanya naye kazi tunamwita Honi, na yeye mwenyewe anaitika, kwa hiyo wageni waalikwa msishtuke mkilisikia jina hilo mbele ya mchungaji.

Mkuu wa chuo aliniomba mimi, karani wa dirishani, niandike wasifu huu uingie kwenye ratiba ya sherehe. Aliniambia niandike ukurasa mmoja, nisitie chumvi, na nisisahau kutaja tuzo. Ukurasa mmoja umenishinda. Chumvi nitajizuia kadiri nitakavyoweza. Tuzo nitazitaja.

Jambo moja nalisema mapema, maana kila mtu hapa analijua na hakuna haja ya kulizunguka. Jumanne ijayo Honi analazwa hospitali. Uvimbe uliotolewa kooni mwake miaka kumi na miwili iliyopita umerudi, na safari hii madaktari wataondoa sehemu yote ya koo inayotoa sauti. Daktari amemhakikishia kwamba uhai anabaki nao, chakula atakula, na wajukuu atawabeba. Sauti ndiyo hairudi. Basi tunamuaga yeye kazini, na tunaiaga pia sauti yake, na hilo la pili, Mungu anisamehe, mimi bado sijalikubali.

Twende kwenye kazi. Kabla ya kuja hapa Honi alikuwa dereva wa gari la mkate. Siku moja mwanzilishi wa chuo hiki, marehemu baba yake mkuu wetu wa sasa, alivuka barabara huku anasoma gazeti. Gari la mkate lilifunga breki mbele ya tumbo lake. Dereva akashuka, akampa vidonge vyake pale pale katikati ya barabara: namna mtu mzima anavyosimama, anavyotazama kulia na kushoto, na mahali panapofaa kusomea gazeti. Watu wakajaa. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akakunja gazeti, akauliza kama ana kazi. Dereva akamwuliza kama haoni mkate. Wiki iliyofuata alikuwa ameajiriwa hapa, mwanamke wa kwanza kufundisha udereva katika chuo hiki, na mzee hadi anakufa alikuwa akisema kwamba somo lile la barabarani ndilo bora kuliko yote aliyowahi kupewa bure.

Wakati ule chuo kilikuwa na magari mawili, na moja halikuwaka bila kusukumwa. Wanaume wengine walikataa kufundishwa na mwanamke. Honi hakubishana nao. Aliwaambia wasukume kwanza, wataendelea na mjadala gari likiwaka. Likiwaka, wanakuta yeye yuko ndani na wao wamechoka, na somo linaanza.

Tangu siku ya kwanza alianza kila somo kwa maombi. Hilo halijabadilika. Kilichobadilika ni utaratibu wake. Mwanzoni, ili kuokoa muda, aliomba gari likiwa tayari linatembea. Kisha akaja mwanafunzi mmoja mzee wa kanisa, mtu mcha Mungu wa kweli, na Honi alipotamka tuombe, yule mzee akafanya kama alivyofundishwa tangu utotoni: akafumba macho, akainamisha kichwa, na mguu akauacha kwenye mafuta. Kufikia Amina walikuwa ndani ya banda la kuku la jirani. Hakuna aliyeumia isipokuwa jogoo, naye kwa hasira tu. Mzee alijitetea kwamba hakuna mahali popote alipowahi kuambiwa aombe macho wazi. Tangu hapo sheria ikapita: maombi ni breki ya mkono ikiwa juu.

Sasa niseme kuhusu jina. Hakuitwa Honi kwa sababu ya kupenda honi. Aliitwa hivyo kwa mdomo wake. Sauti yake ilikuwa inasikika toka mwisho wa uwanja wa mazoezi hadi hapa dirishani, na ilikuwa na makali. Mwanafunzi akikwaruza gia, Honi anamwambia hiyo ni gia, si kinu. Mwanafunzi akienda taratibu mno, anamwambia watakapofika yeye atakuwa ameshastaafu. Tulikuwa tunacheka hadi mbavu zinauma. Mwalimu mwenzetu tunayemwita Radi, mnayemjua kwa ngurumo zake, anakiri kwamba ngurumo zile alijifunza kwake. Na Jumapili Honi huyohuyo alikuwa anasimama kwenye kwaya, safu ya pili, anaimba mpaka watu wanafuta machozi. Alikuja kutuambia baadaye, bila kujitetea, kwamba Jumapili alimwimbia Mungu na Jumatatu akamchoma mtu ambaye Mungu huyohuyo alimuumba, tena kwa mdomo uleule, bila hata kuusukutua katikati.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Ulimi wa Honi ulijikwaa kwa Fundi Saa.

Fundi Saa ndiye yule bwana mpole mwenye kibanda cha kutengeneza saa ng'ambo ya lango letu. Alikuja kujifunza kwa sababu miguu ya mkewe ilikuwa inadhoofika, na alitaka kumpeleka kanisani na kliniki kwa mkono wake mwenyewe, asimtegemee dereva wa kukodi. Alikuwa mwoga wa usukani. Jumamosi moja asubuhi, uwanja umejaa wanafunzi, aligonga pipa la alama, akarudi akaligonga tena, akarudi akaligonga mara ya tatu. Honi akapaza sauti, kila mtu akasikia, akamwambia mikono yake imezoea vitu vya kulala kiganjani, gari awaachie wenye mikono ya kiume. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Fundi alizima gari, akavuta breki ya mkono, akatoa ufunguo, akampa Honi kwa mikono miwili kama mtu anavyompa mkubwa wake kitu, akaondoka kwa miguu. Hakurudi. Mkewe aliendelea kwenda kanisani kwa gari la kukodi, na siku za mvua, madereva wanapoadimika, hakwenda. Kutoka siku hiyo Fundi aliwasalimu watu wote wa chuo hiki, mpaka mlinzi, mpaka paka wa mlinzi. Akipita Honi, alikuwa anaangalia barabara.

Honi alijitetea kwamba ulikuwa utani tu. Miaka ikapita juu ya utani huo.

Kisha sauti yake ikaanza kukwaruza. Tulidhani ni mafua, tukamnywesha tangawizi na kila jani lililosifiwa. Alipokwenda hospitali hatimaye, wakakuta uvimbe, wakamfanyia upasuaji, na daktari akampa amri ya kunyamaza kabisa kwa wiki kadhaa. Si kunong'ona, si kukohoa kwa makusudi, si kuimba moyoni huku midomo inacheza. Na hakumwahidi kwamba sauti itarudi. Mumewe anasimulia kwamba kwa mara ya kwanza tangu waoane alitoa utani nyumbani na haukujibiwa, akaingiwa na huzuni, akaomba radhi kwa kiti kitupu maana mkewe alikuwa ameshatoka chumbani. Kwenye kwaya aliendelea kusimama mahali pake, safu ya pili, kitabu mkononi, mdomo umefungwa.

Alinieleza baadaye jinsi ukimya ule ulivyokuwa. Alisema mtu akiwa anasema kila saa, maneno yake ya jana hayamfikii, yanafunikwa na ya leo. Ukinyamaza, yanarudi. Yanakuja kukutembelea moja moja, wala hayabishi hodi. Lililokuja mara nyingi kuliko yote ni lile alilomwambia Fundi Saa. Alimwomba Mungu amrudishie sauti, hata ndogo, hata ya kukwaruza, ili apate la kumwambia yule bwana.

Siku daktari alipomruhusu ajaribu, familia ilikuwa imekusanyika. Binti yake wa kwanza alitumaini mama atatamka jina la mjukuu. Mumewe, ninavyomfahamu, alitumaini ni lake. Honi akatikisa kichwa, akajifunga kitambaa shingoni, akaja moja kwa moja hadi kwenye kibanda cha Fundi Saa. Sisi tulikuwa hapa dirishani tunachungulia, tumebanana. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kukwaruza na ndogo, akaitumia kumwambia kwamba alimkosea, amsamehe.

Fundi alikuwa na ile lenzi yake ndogo jichoni. Akaitoa. Akamtazama. Akasema, "Nimekusikia, mwalimu." Akarudisha lenzi jichoni, akainamia saa ya watu.

Basi. Honi akashukuru, akavuka barabara.

Mimi nilichemka, sifichi. Nilitaka nivuke nami nikampe fundi yule vidonge vyake, mtu ametoka hospitali juzi! Honi akanishika mkono. Akaniambia kwa ile sauti mpya kwamba kuomba msamaha ilikuwa kazi yake na ameshaifanya, kusamehe ni kazi ya Fundi, na Mungu hakumtuma kwenda kumsimamia mwenzake kazini. Nikakaa chini. Sikukubaliana naye, lakini nilikaa.

Aliporudi kazini kulikuwa na shida nyingine. Sauti ile haikuweza kumfikia hata mtu wa kiti cha nyuma, na daktari alimwambia aitumie kwa uchache. Mkuu wa chuo, kwa nia njema, alitaka kumhamishia stoo ya vipuri. Mwalimu asiyeweza kupiga kelele atamsimamishaje mtu anayekwenda kugonga ukuta? Honi akaomba apewe mwanafunzi mmoja tu, yule ambaye hakuna anayemtaka. Tukampa mama mmoja muuza maua, mwoga kupita kiasi, aliyekuwa anafunga breki akiona kivuli cha gari lake mwenyewe.

Hapo ndipo tulipoona mambo. Kwa kuwa maneno yalikuwa machache, Honi aliyapunguza yote yasiyo na kazi. Matusi yakaondoka, mizaha ikaondoka, lawama ikaondoka. Yakabaki yale ya kumwonyesha mtu pa kwenda. Alitueleza kwamba ukimwambia mtu asigonge ukuta, macho yake yanakwenda kwenye ukuta, na gari hufuata macho. Mwambie afuate mstari, atautafuta mstari. Akasema ndivyo ilivyo hata nyumbani, hata kanisani, kwamba watu wengi tumeonyeshwa kuta zetu zote na hatukuonyeshwa barabara. Muuza maua alifaulu mtihani kwa mara ya kwanza. Leo anaendesha basi la shule. Habari za stoo ya vipuri hazikusikika tena.

Ndipo Honi alipoanzisha kile ambacho chuo hiki kinajulikana kwacho hadi vyuo vya jirani vinatucheka: mfungo wa maneno. Kila Jumatatu, kabla magari hayajatoka, tunasimama ofisini, tunaomba, Honi anatoa fundisho fupi kutoka kwenye Biblia, kisha anatangaza neno tutakalofunga hadi Jumamosi. Alisema mfungo wa chakula Mungu ameuona mwingi, na mwingine umejaa manung'uniko. Huu wa kinywa ndio adimu. Atakayekula neno lililofungwa, yaani atakayelitamka, anaosha magari jioni.

La kwanza lilikuwa "rahisi". Alituuliza tunamwambia nini mwanafunzi tunapomwambia kurudi nyuma ni rahisi, kisha akashindwa. Tunamwambia ameshindwa hata jambo rahisi. Tukafunga. Wiki iliyofuata tulifunga "si nilikwambia?" Mkuu wa chuo alianguka kabla ya chai ya saa nne, akaanguka tena wakati anajitetea, na wiki ile magari yetu yaling'aa ajabu. Wiki ya "mbona mwenzako ameweza" ilimuua Radi. Akawa anafungua mdomo, anaufunga, anameza mate, anatazama juu. Akabeba mfungo hadi nyumbani kwake, kwa watoto wake. Jumamosi mkewe alikuja hapa dirishani, mama wa watu, akauliza wiki ijayo tunafunga nini, maana yeye ana mapendekezo yake kadhaa. Mimi mwenyewe niliangushwa na "hiyo si kazi yangu". Sikujua nalisema mara nyingi hivyo. Niliosha magari mpaka mikono ikakunjamana.

Lililotugusa zaidi alilitangaza Jumatatu moja ya mvua. Alisema tufunge "natania tu", na kwamba hilo analifunga kwa ajili yake mwenyewe, nasi tumsindikize. Wengine wiki ile ilipoisha walilifungua. Yeye hajalifungua hadi leo. Msidhani kwamba aliacha kuchekesha, la! Aliacha tu kuchekesha kwa ngozi ya mtu mwingine. Siku hizi akitaka kicheko anajisimulia yeye na lile banda la kuku.

Tuzo, kama nilivyoagizwa: amepata tuzo ya mwalimu bora wa usalama barabarani mara tatu, amefundisha akina mama waliokuja kuwaleta binti zao, na kwa mkono wake wamepatikana walimu wanne wa kike wanaofundisha hapa sasa. Vikombe viko kabatini nyuma yangu. Kimoja kinashikilia kalamu, naye ndiye aliyeruhusu.

Mwezi huu alituambia habari za koo lake Jumatatu, baada ya maombi, kwa utulivu kama anayetangaza gari fulani lina pancha. Sisi ndio tuliolia. Kisha watu wakaanza kuigombea ile sauti. Wajukuu wamemrekodi kwenye simu akisema kila kitu, hadi majina ya mboga. Kwaya ilitaka ushuhuda. Mkuu wa chuo aliweka kwenye ratiba hii dakika ishirini za neno la mstaafu. Honi akaomba ziondolewe. Alisema sauti iliyobaki hataki kuimwaga kwenye kipaza sauti, atawapa watu, mmoja mmoja. Na ndivyo alivyofanya. Alimfuata Radi karakana, akamfuata mlinzi langoni, akamfuata mama anayefagia. Kila mmoja alitoka pale akipangusa macho. Aliyoniambia mimi hayahusu ratiba ya sherehe.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyebaki, nasi sote tulijua ni nani. Kwa miaka kumi na miwili Honi alimsalimia Fundi Saa kila asubuhi, na Fundi aliitikia salamu, basi. Mke wa Fundi alipofariki, Honi alikwenda msibani, akakaa nyuma, akaosha vyombo na wanawake wengine hadi mwisho, akarudi bila kuambiwa neno. Hakuomba msamaha mara ya pili. Alisema kuomba tena na tena kunageuka kudai. Wiki jana Radi alijitolea kwenda kuongea na Fundi kiume. Honi akamkataza. Alisema msamaha si gari bovu, hauwashwi kwa kusukumwa. Lakini nilimwona akitazama kile kibanda wakati anadhani hakuna anayemwona, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeogopa kuondoka kabla mlango haujafunguliwa. Niliumia. Nilisali kwa ajili ya hilo, mimi ambaye kwa kusali si hodari.

Jana, Jumatano, Fundi Saa alikuja dirishani kwangu. Amevaa koti la kanisani, siku ya kazi. Akauliza kama mwalimu yupo. Nilikuwa na mengi ya kumwambia yule bwana, nimeyatunza miaka kumi na miwili yote. Nikajiuma ulimi, nikamwonyesha uwanjani, ambako Honi alikuwa anafuta kioo cha gari.

Kazi ilisimama. Radi alianza kujaza upepo tairi ambalo lilikuwa limejaa. Wanafunzi hawakujua kuna nini, lakini wakageuka nao kutazama.

Fundi alisimama mbele yake, akasema kwa sauti ya kutufikia sote, na alikusudia itufikie. Alisema, "Mwalimu, ulinikosea mbele ya watu, nami nakusamehe mbele ya watu." Akasema angeweza kusema hivyo zamani. Mkewe alimsihi kabla hajafa, naye akakataa, kwa sababu ilikuwa inampa raha kuwa na kitu ambacho mwenzake anakitaka na yeye anakishika. Akasema amesikia kwamba Jumanne sauti inaondoka. "Ningengoja wiki ijayo ungenisikia, lakini usingeweza kunijibu. Nikaona hapana. Nimekuja leo ili unijibu."

Honi akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Tuliogopa, ndugu zangu! Tulidhani sauti imeondoka kabla ya siku yake. Mwanamke aliyekuwa akipima kila neno miaka yote ile alisimama na kitambaa cha kufutia kioo mkononi, machozi yanatiririka, hana hata moja. Kisha akasema, "Asante, kaka yangu," na ile sauti ya kukwaruza ilivunjika katikati.

Hatukujua tuangalie wapi. Radi alilia waziwazi na pampu mkononi, na tairi nusura lipasuke.

Fundi alijipangusa uso, akauliza, kama anayeuliza bei ya kitu, ikiwa chuo hiki kinapokea wanafunzi wa umri wake. Honi akamfungulia mlango wa dereva.

Walianza na maombi, breki ya mkono juu. Kisha wakaingia kati ya mapipa. Daktari amemwagiza atunze koo lake, nasi tukampungia mikono kutoka dirishani anyamaze, apunguze, apumzike. Hakutujali. Yeye aliyekataa dakika ishirini za kipaza sauti alimsemesha Fundi somo zima, bila kukatika, na dirisha la gari likiwa wazi tulisikia kila kitu: kanyaga klachi, sasa iachie pole, tazama kioo, vizuri, vizuri sana fundi. Na kwenye kona ya mwisho, Fundi akagonga pipa.

Lilianguka kwa kishindo. Fundi alikuwa ameganda, mikono kwenye usukani, shingo imeingia mabegani, mzee mzima anasubiri. Honi akasema, kwa sauti yote iliyobaki kooni mwake, "Endelea, fundi. Mbele kuna nafasi."

Akaendelea.

Leo, Alhamisi, ninapoandika maneno haya mpiga chapa ananisubiri na wao wako uwanjani tena. Atakapolazwa, Radi ndiye atakayemalizia masomo ya Fundi. Radi ameapa hatanguruma, na mkewe amesema atafuatilia.

Honi, mwenzetu, mama yetu, sasa nakugeukia wewe. Tunakushukuru kwa miaka thelathini na mmoja. Tunakushukuru kwa magari uliyoyasukumisha na watu uliowavuta, kwa mifungo iliyotushinda na ile michache tuliyoishinda. Nyumba zetu zimekuwa na amani zaidi kwa sababu yako, waulize wake zetu na waume zetu na watoto wetu. Mungu aiongoze mikono ya madaktari, akuamshe salama, akupe uzee wa heri pamoja na mzee wako na wajukuu wako wote. Tutakuja wodini kwa zamu, na huko tutaongea sisi, na tutachagua la kusema jinsi ulivyotufundisha.

Lakini kuna moja ambalo hatutaki kulipeleka hospitali. Tumelikubaliana chuo kizima, kuanzia mkuu hadi mlinzi, kwamba lisomwe hapa, mbele ya watu, Ijumaa hii. Tunakupenda. Tunakuambia leo, ili utujibu.